Soko la Wachezaji Wasiokuwepo

Juzi fundi alifungua kompyuta yangu ya kazini iliyokuwa ikizimika ovyo, akapuliza feni yake, likatoka vumbi la moto. Harufu ile ya vumbi lililokaangwa na plastiki iliyochoka ilinishika puani, nikawa navuta pumzi ndefu ndefu mpaka fundi akaniuliza kama nina pumu. Sina pumu. Nilikuwa nimerudi Masasi, kwenye chumba cha kuta za bluu nyuma ya stendi, na nilikuwa namwona tena mtu mmoja ambaye sijawahi kumchukia. Kumchukia mtu ni kumpa uzito fulani, na huyu sikuwahi kumpa.

Tulimwita Kocha. Alikuwa kijana wa pale pale Masasi aliyekwenda Dar kusoma, akarudi kabla ya kumaliza kwa sababu zilizobadilika kila aliposimulia, akafungua chumba cha kompyuta. Watu wazima walikwenda kwake kuchapa barua za maombi ya kazi na kuangalia matokeo ya mitihani ya watoto wao. Alikuwa na fulana ya mchezaji wa kikapu, isiyo na mikono, ambayo aliivaa hata asubuhi za baridi, na alikuwa akisema kwamba Dar aliwahi kucheza mpaka goti likamharibikia. Goti lenyewe hatukuwahi kuliona likimsumbua. Alipanda pikipiki, alipanda ngazi, aliruka mtaro wa mbele ya duka lake kila siku ya Mungu.

Mimi nilikuwa nimeletwa kwa shangazi yangu, Mama Hadija, kwa sababu baba yangu aliamini kwamba mtoto akisoma mjini anaelimika zaidi. Kwetu ni Makote, kule juu Newala. Shangazi aliuza chai na ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, ya kuchemsha karibu na stendi, na hakutaka nizubaezubae kati ya makondakta. "Ukitoka shule kaa kwa yule kijana," aliniambia. "Amesoma yule. Hata ukimtazama tu utapata kitu." Maskini shangazi. Kitu nilikipata.

Kilichotuvuta pale sisi watoto kilikuwa ligi. Ulikuwa mchezo wa kompyuta wa kuendesha timu ya mpira wa kikapu. Hukimbii wala hurushi. Wewe ni meneja. Unapanga nani aanze na nani akae benchi, unabadilishana wachezaji na mameneja wenzako, kisha kompyuta inacheza mechi yenyewe na kukuletea matokeo. Kompyuta za Kocha ziliunganishwa kwa waya, kila meneja na timu yake, na Kocha mwenyewe akiwa msimamizi wa ligi nzima. Alikuwa pia na timu. Leo ningeuliza hapo hapo, refa anachezaje? Wakati ule hakuna aliyeuliza, kwa kuwa chumba kilikuwa chake.

Timu yangu niliiendesha pamoja na rafiki yangu Asnath. Alikuwa binti wa mwinjilisti, mrefu kuliko wavulana wote wa darasa letu, na wakati mimi nilipenda ligi kwa sababu ya majina na rangi za jezi, yeye alipenda kikapu chenyewe. Shuleni kulikuwa na mlingoti wenye ringi isiyo na wavu. Asnath alirusha pale mpira wa netiboli uliopasuka ukashonwa, ukipanda juu kama kibuyu, na aliuingiza. Mbele ya kompyuta alikuwa anakaa kimya, ananiachia kipanya, anasema tu, "Huyo hapana," au, "Huyo sawa."

Majina ya kigeni yaliyokuja na mchezo Kocha aliyafuta, akaweka ya kwetu: Bakari Mikono, Yohana Ngazi, Saidi Mlingoti. Kwa akili yangu ya wakati ule, mtu mwenye jina la Saidi hawezi kuwa hayupo. Niliamini kabisa kwamba wanaishi mahali fulani, kwamba wanacheza kweli, na kompyuta inatuletea habari zao tu. Tulipompata Saidi Mlingoti, mchezaji wetu wa ndani aliyedaka mipira yote iliyogonga ubao, nilimpenda kama kaka. Na siku tulipompata kwa kubadilishana na timu nyingine, nilimuuliza Kocha kama ameshafika.

"Nani?"

"Saidi. Ameshafika kwetu?"

Kocha alinitazama kidogo, akawatazama wengine, akasema bila kucheka, "Ameshapita Nanganga. Jioni atakuwa ameingia."

Jioni ile nilisimama stendi nikitazama mabasi ya njia ya Nanganga. Walishuka akina mama na mizigo yao, akashuka mtu mmoja mrefu mwenye kofia, moyo ukanidunda, kumbe ni muuza dawa za panya. Kesho yake nilimwambia Kocha kwamba sikumwona, naye akanieleza kwamba gari limeharibika, Saidi amelala njiani. Aliendelea hivyo muda mrefu. Kila mchezaji akiuzwa, aliniita mbele za watu anieleze safari yake, mizigo yake, mke aliyemwacha analia. Chumba kizima kilikuwa kikicheka kwa kuziba midomo, na mimi nilidhani wanafurahia habari. Asnath ndiye aliyeniambia ukweli, tukiwa njiani, kwa upole, kama mtu anayemtoa mwenzake mwiba. Nilimuuliza kwa nini Kocha alinidanganya. "Hana kazi," akasema.

Sasa nieleze soko, maana bila soko ligi ile ilikuwa picha tu.

Kila mwisho wa msimu waliingia kwenye ligi wachezaji wapya, vijana, tuliowaita chipukizi. Timu zilichagua kwa zamu, iliyoshika mkia ikitangulia. Zamu yako ya kuchagua ilikuwa mali: ungeweza kuibadilisha leo na mchezaji, hata zamu ya msimu ujao, hata ya ule unaofuata. Mwanzoni mwa msimu hakuna aliyeuza chochote, kila mtu anaamini timu yake ndiyo bingwa. Zikishachezwa mechi kadhaa, wanaofungwa wanaanza kukata tamaa na wanaofunga wanaanza kuwa na tamaa, na hapo soko linafunguka. Wachezaji wakongwe wanapanda thamani kwa sababu wanashinda leo. Chipukizi wanashuka, kwa sababu nani anangoja kesho? Halafu msimu ukikaribia kuisha mambo yanageuka: wakongwe wanazeeka mbele ya macho yako, namba zao zinashuka kila wiki, na kila mtu anawatafuta vijana aliowagawa kama pipi.

Niliamini mabadiliko yale yanakuja yenyewe, kama mvua. Kocha ndiye aliyetufundisha hivyo. "Soko halina mwenyewe," alikuwa akisema, ameegemea kiti, mikono nyuma ya kichwa ili tuone misuli ambayo haikuwepo. "Leo linapanda, kesho linashuka. Mwenye akili analisoma." Tulimsikiliza midomo wazi.

Katikati ya msimu ule alikuja na mpira. Mpira wa kikapu wa kweli, mpya, wa rangi ya machungwa, wenye vipelevipele vinavyokwaruza kiganja. Aliuweka juu ya rafu, nyuma ya kichwa chake, akatangaza kwamba meneja bingwa atauchukua. Asnath aliuomba aushike. Akampa. Aliupokea kwa mikono miwili, akaunusa, akaudundisha mara moja kwenye sakafu ya saruji, na sauti ile nzito ikanyamazisha chumba. Kisha akaurudisha. Njiani nilimwona vidole vyake vinajikunja na kukunjuka.

Tangu siku ile soko liliingia wazimu. Hakuna aliyetaka chipukizi. Kila mtu alitaka mkongwe wa kumpa ushindi sasa hivi, na wakongwe, kwa bahati ya ajabu, walikuwa wamejaa kwenye timu ya Kocha. Aliwagawa kwa moyo mkunjufu. Alikuja mpaka kwenye kiti chetu, akachuchumaa, akaongea kama baba.

"Nyinyi mnahitaji mrushaji wa mbali. Mimi ninaye Yohana Ngazi. Mchukueni."

"Unataka nini?" aliuliza Asnath.

"Kitu kidogo tu. Zamu zenu za chipukizi. Za msimu huu na ujao. Hamtazihitaji, nyinyi mnakwenda kuwa mabingwa."

Asnath alinitazama. Nikamwona anauangalia mpira juu ya rafu. Akasema, "Huyo sawa," nikabonyeza.

Nilimwona Kocha ni mtu mwema sana siku ile. Nilimsimulia shangazi jinsi alivyotusaidia, na shangazi akampelekea kikombe cha chai.

Tulianza kushinda kweli. Tukapanda hadi nafasi ya pili, nyuma ya Chande, dereva wa bodaboda aliyekuja kucheza wakati wa jua kali abiria wakipungua. Chande naye alikuwa amempa Kocha zamu zake zote. Karibu wote tulikuwa tumempa. Kocha mwenyewe alishika mkia, anafungwa kila mechi, na alikuwa akifungwa huku anapiga miluzi.

Kisha akaja rafiki yake kutoka Dar, kijana mwenye miwani ya jua aliyoisukuma juu ya nywele, akaketi naye nyuma ya meza. Ilikuwa mchana, chumba kina watu wachache: Chande, Asnath na mimi. Rafiki akauliza kwa nini timu ya Kocha inafungwa hivyo. Kocha akageuza skrini yake imwelekee, na kwa kuwa tulikuwa tumekaa pembeni yao, ikatuelekea na sisi. Hakujali. Hilo ndilo ninalolikumbuka kuliko yote, kwamba hakujisumbua hata kushusha sauti. Kulikuwa na ukurasa ambao kompyuta zetu hazikuwa nao, wenye chipukizi wa msimu ujao wamepangwa wote, uwezo wao uko wazi, na juu kabisa kijana mmoja mwenye namba ambazo hatukuwahi kuziona kwenye ligi.

"Msimamizi anawaona mapema," Kocha alisema. "Huyu nimemwona tangu mwanzo wa msimu. Hata wakongwe ni mimi niliyewaongezea namba kidogo, wanunulike. Nikaweka na mpira pale juu." Akacheka puani. "Hawa wananiuzia kesho yao. Na mimi kesho yao nimeshaiona."

"Watoto lakini," alisema yule rafiki.

"Soko halina watoto."

Rafiki alicheka, lakini kicheko kidogo, cha adabu. Mimi nilihisi masikio yanawaka. Siyo kwa sababu tumedhulumiwa, dhuluma yenyewe sikuwa nimeielewa vizuri. Ni kwa sababu mtu mzima, mwenye ndevu, aliyesoma, mwenye kompyuta zake na rafiki kutoka Dar, alikuwa amekaa pale mwezi baada ya mwezi akitumia akili yake yote kumshinda mtoto wa miaka kumi na moja aliyedhani Saidi Mlingoti analala njiani. Ningeelewa kama angeiba kuku, kwa kuwa mwizi wa kuku ana njaa.

Tulimfuata Chande nje, alipokuwa anafuta kiti cha pikipiki yake.

"Kaka Chande, umesikia?"

"Nimesikia."

"Sasa?"

"Sasa nini? Mimi naongoza ligi. Mpira ni wangu."

Asnath alimwambia, "Hii si kangomba tu?"

Kwa asiyekulia kwetu, kangomba ni ule ununuzi wa korosho wa vichochoroni. Mtu anakufuata nyumbani kabla soko halijafunguliwa, anajua una shida, anakupimia kwa kopo lake, kwa bei yake, na mnada ukifunguliwa korosho zako zinauzwa kwa jina lake. Kila mtoto wa pale alilijua neno hilo, na mimi wa Makote nililijua zaidi.

Chande alicheka. "Ni mchezo, mdogo wangu. Korosho zipo wapi hapo?" Akawasha pikipiki akaenda zake, na wiki ile ile, kwa macho yangu, akamuuzia Kocha kijana wake wa mwisho aliyekuwa na maana ili apate mkongwe mwingine. Nilimdharau Chande kuliko hata Kocha. Kocha angalau alikuwa anadanganya watu wengine.

Asnath alikwenda mbele ya meza ya Kocha akasimama wima, kichwa chake karibu kufikia taa.

"Tunaomba zamu zetu, Kocha. Tunakurudishia Yohana Ngazi."

"Biashara imeshapita."

"Ulikuwa unawaona."

"Na wewe ulikuwa unautaka mpira," alisema Kocha, akitabasamu. "Kila mtu aliuza kwa hiari yake. Nimemshika nani mkono?"

Asnath aliigeuzia meza mgongo. Aliniambia, "Twende," na hakukaa tena kwenye kile kiti. Mimi nilirudi siku mbili tatu kwa kuwa shangazi alinituma, nikakaa mlangoni nikiipa kompyuta kisogo.

Mwisho wa msimu ulikuja. Wiki ya mwisho namba za wakongwe ziliporomoka zote pamoja, kama wamepigwa na homa moja, na sisi tuliomsikia Kocha hatukuhitaji kuuliza ni homa gani. Chande akafungwa, akafungwa tena. Timu yetu, iliyobaki bila meneja, ikafungwa, ikawa basi. Bingwa akatokea mvulana mmoja mpole, mtoto wa fundi cherehani, ambaye hakuwahi kuuza wala kununua kwa sababu alikuwa haelewi ukurasa wa kubadilishana. Tungeweza kufurahi. Lakini Kocha alitangaza kwamba meneja asiyefanya biashara hata moja si meneja, kwamba kanuni hiyo ipo, ila alisahau kuitaja. Mpira ukabaki kwake. Yule mtoto alisema, "Asante, Kocha." Alisema asante. Nadhani alikuwa anaaga tu.

Jumamosi moja baada ya hapo Kocha alikuja uwanjani shuleni kwetu na fulana yake na ule mpira, ameongozana na yule rafiki wa Dar, kuonyesha. Tulikuwepo wengi. Alisimama pale ambapo Asnath alikuwa akisimama siku zote, akaudundisha mpira, ukamgonga kwenye kidole cha mguu ukakimbia. Akaufuata. Akarudi, akavuta pumzi, akarusha kwa mikono miwili kutoka kifuani kama mtu anayetupa gunia juu ya lori. Mpira haukugusa ringi wala mlingoti. Ulipita chini kabisa ukaingia kwenye mihogo ya mwalimu.

Hakuna aliyecheka. Tulimtazama tu, watoto wote wale, na yeye akasema, "Goti," akaliinamia na kulishika. Asnath alikuwa karibu na mihogo. Aliuokota mpira, akautazama kidogo, na nilidhani ataurusha kikapuni, ungeingia, ninajua. Hakuurusha. Alitembea mpaka kwa Kocha, akampa mkononi, akarudi kukaa karibu nami. Baadaye aliendelea kurusha ule mpira wake wa kushonwa, akaenda sekondari ya bweni, akachezea timu ya mkoa. Chumba cha kompyuta kilifungwa watu waliponunua simu za kioo. Kocha alihama, na wala sikuuliza alikokwenda.

Lakini kabla ya hayo kulikuja likizo, nikapanda kwenda nyumbani Makote na dharau yangu yote kichwani, nikiwa na hakika kwamba dunia ina watu wa aina mbili, wanaodanganya na wajinga.

Korosho zilikuwa zimeanza kuanguka, mnada bado. Bibi yangu, mama wa baba, alikuwa amelala ndani siku nyingi, anaumwa mgongo na anatapika. Asubuhi moja, tukiwa tumekaa uani tunachambua korosho, ikaingia pikipiki yenye gunia tupu limefungwa nyuma na kopo linaning'inia. Nilijua kabla hajazima.

"Hodi, Baba Somoe."

"Karibu."

Mama aliniambia, "Somoe, mwamkie mgeni."

Sikumwamkia. Mama aliniangalia kama mtu aliyeona kitu kimedondoka. Akarudia, kwa sauti ya chini. Nikamwambia yule mtu, "Bei ya mnada unaijua?"

"Mnada bado, mwanangu."

"Lakini wewe unaijua."

Alicheka, akamwambia baba, "Mji umemsomesha huyu." Baba hakucheka. Aliniambia niingie ndani nikakae na bibi. Kutoka ndani nilisikia kopo linachota na kumwaga, linachota na kumwaga, na bibi akishika kidole changu kila maumivu yanapokuja. Yule mtu alipomaliza, baba alimwomba awachukue yeye na bibi kwa pikipiki hiyo hiyo mpaka hospitali ya Newala, na akakubali, na nauli akaikata kwenye korosho zetu. Bibi alilazwa. Alipona, akaishi miaka mingi baadaye, akiwa na maneno makali kuliko hapo mwanzo.

Baba aliporudi jioni nilikuwa uani bado. Akakaa kwenye kigoda, akavua viatu.

"Uliniona mjinga," alisema.

Niliokota korosho moja iliyosahaulika chini.

"Unadhani sijui anachonifanyia? Nilijua alipokata kona pale kwa jirani. Najua tangu hujazaliwa."

Ndipo nikamweleza yote, ligi, chipukizi, mpira, ule ukurasa wa Kocha. Sijui alielewa kiasi gani, hakuwahi kugusa kompyuta. Alisikiliza mpaka mwisho akisugua nyayo zake, mchanga mwekundu ukimwagika.

"Na huyo Asnath," akauliza. "Alikataa kumuuzia tena?"

"Alikataa."

"Kwao kulikuwa na mgonjwa?"

"Hapana."

Baba aliitikia kwa kichwa, akavaa viatu vyake, akaingia ndani kutafuta kanga za bibi za kupeleka hospitali.